Gesi Haipigi Hodi

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa baiolojia hapa Kisumu oksijeni huingiaje ndani ya seli, atakujibu kabla hujafika mwisho wa swali: husambaa kutoka mahali ilipo nyingi hadi mahali ilipo kidogo. Alama mbili, tunaendelea. Kipindi kinachofuata ni vipande vya viazi kwenye maji ya chumvi, halafu habari ya kusafirisha kwa kutumia nguvu, halafu mtihani. Jibu lile nimelifundisha miaka mingi na si la uongo. Limefupishwa tu, na pale lilipokatiwa ndipo utamu ulipo.

Kilichonirudisha kwenye mada hii ni vidimbwi vya shemeji yangu kule Luanda, Vihiga. Alivichimba enzi zile serikali ilipokuwa ikihimiza watu wa magharibi wafuge samaki, akaweka ngege, yaani tilapia, akawa anarutubisha maji kwa samadi ya kuku kama wafugaji wengi wanavyofanya. Baadaye akaniambia samaki wake wanazubaa. Hawafi, hawali, wanaelea tu kama waliochoka. Nikamwuliza ni saa ngapi. Alasiri, akasema.

Alasiri! Kila mfugaji anajua kwamba saa mbaya ya kidimbwi ni alfajiri. Usiku kucha mwani na samaki na vijidudu vya matopeni vyote vinavuta oksijeni na hakuna anayeitengeneza, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza utawaona samaki wamepanda juu wakifungua vinywa. Alasiri maji yamejaa oksijeni. Mwani umepigwa na jua mchana mzima.

"Mwalimu, si wewe ndiye mtu wa sayansi?" shemeji akasema. "Njoo basi uone."

Nikaenda na chupa ndogo za matone, zile zinazobadilisha rangi ya maji kwenye kigae. Kipimo cha amonia, sumu ya samaki inayotoka kwenye samadi na kwenye taka zao wenyewe, kilikuwa kilekile asubuhi na alasiri, kama miligramu moja kwa lita. Shemeji akaona nimemletea dawa za maduka ya vichochoroni. Lakini pH, kipimo ambacho hupanda asidi inapopungua majini, ilikuwa 7 alfajiri, na saa tisa alasiri ilikuwa 9. Kwa mtu anayejua amonia, habari yote iko hapo.

Amonia ikiwa majini ina sura mbili. Kuna amonia yenyewe, NH3, ambayo ni gesi na haina chaji. Na kuna ile iliyonyakua protoni moja, ile chembe yenye chaji chanya ambayo asidi huiachia majini, ikawa ioni ya amoniamu, NH4+, yenye chaji chanya. Sura hizi hubadilishana muda wote, na pH ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, gesi haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Ikifika 9, ni zaidi ya thuluthi. Kwa hiyo kidimbwi kilekile, bila mtu kuongeza chochote, kilikuwa na gesi ya amonia mara sitini hivi alasiri kuliko alfajiri. Mwani ndio uliofanya kazi hiyo: unapofyonza kabonidioksidi mchana kutwa unaondoa asidi majini, na pH inapanda.

Kipimo cha matone hakitofautishi sura hizo mbili. Samaki anazitofautisha, au tuseme, utando wa seli zake unazitofautisha.

Utando huo una unene wa nanomita 5 hivi. Ni safu mbili za molekuli za mafuta, vichwa vikielekea maji ya nje na ya ndani, mikia ikielekeana katikati. Waholanzi Gorter na Grendel walilionyesha jambo hili mwaka wa 1925 kwa njia ambayo hata maabara ya shule maskini ingeiota: walitoa mafuta yote ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanafunika eneo mara mbili ya eneo la seli zenyewe. (Baadaye ilibainika walikosea mara mbili. Hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la seli walilipima pungufu. Makosa hayo yakafutana na jibu likatoka sahihi. Kuna wanafunzi wangu ambao wangependa sana kuishi kwa utaratibu huo.)

Katikati ya utando basi ni mafuta matupu. Ioni yenye chaji, ikiwa majini, huwa imezingirwa na molekuli za maji zilizoing'ang'ania. Ili iingie kwenye mafuta lazima iyavue maji hayo, na gharama ya kuyavua ni kubwa kiasi kwamba haiingii. Udogo hauisaidii. Sodiamu ni ndogo sana na inakwama, ilhali molekuli kubwa kuliko hiyo zinapita bila shida mradi hazina chaji na zinapatana na mafuta. Ernest Overton alikwisha kuligundua hilo mwishoni mwa karne ya 19, kabla hajatokea mtu aliyeuona utando kwa macho: kadiri kitu kinavyoyeyuka kwenye mafuta, ndivyo kinavyoingia kwenye seli kwa haraka.

Oksijeni inapita hivyo. Kabonidioksidi vilevile. Amonia ya gesi nayo, ingawa yenyewe hupenda maji kuliko mafuta, na hilo tutalirudia.

Wanafunzi hudhani kuna kitu kinachoisukuma gesi iende upande fulani. Hakuna. Soko la Kibuye siku ya Jumapili asubuhi, watu wanaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Wanaoingia huzidi kwa sababu tu walio nje ni wengi kuliko walio ndani, na mchana hali inageuka bila tangazo la mtu. Molekuli hazina habari kabisa na upande wa pili.

Ukiyaweka haya pamoja unapata jambo ambalo naona vitabu vya shule havilisemi waziwazi: seli haina njia ya kawaida ya kuikataa gesi. Sodiamu inaweza kuifungia mlango, sukari vilevile. Gesi inaingia hata seli isipoitaka, na inatoka hata seli ikiihitaji. Kinachobaki mikononi mwa seli ni kuibadilisha gesi ikishavuka, iwe kitu kisichoweza kurudi, au kuyabadilisha maji ya upande wa pili. Uhai wa samaki, na wa kwetu, umejengwa juu ya ujanja huo.

Tumwangalie ngege wa shemeji. Akila protini, mwili wake unabaki na naitrojeni ya kutupa, na samaki wengi huitupa kama amonia kupitia matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizofichwa chini ya mfuniko wa shavu. Damu ina amonia nyingi kuliko maji yanayopita, kwa hiyo gesi inatoka yenyewe. Ila kuna msaada. Kabonidioksidi inayotoka hapohapo huongeza asidi kwenye tabaka jembamba la maji linalogusa matamvua, na amonia ikifika pale inanyakua protoni, inakuwa ioni, na safari ya kurudi imekwisha. Pumzi moja inaisindikiza taka nyingine nje.

Sasa fanya pH ya kidimbwi iwe 9. Amonia ikitoka haipati protoni za kutosha, inabaki gesi. Na ile iliyomo majini kutokana na samadi nayo ni gesi, na nyingi. Mteremko, yaani tofauti ya wingi kati ya damu na maji, unapungua, pengine unageuka kabisa, na amonia inaingia ndani ya samaki kwa njia ileile aliyoitegemea kuitoa. Hana tundu la kuziba. Dawa yake haikuwa ngumu: tulipunguza samadi, tukaacha kuwalisha nyakati za alasiri, na shemeji akafungulia maji ya kijito mara kwa mara. Lililomchukua muda ni kukubali kwamba maji ya kijani kibichi, ambayo majirani walikuwa wakimsifia, yalikuwa sehemu ya tatizo.

Je, samaki anayeishi kwenye maji ya pH kubwa maisha yake yote afanyeje? Tunaye, na ni Mkenya. Ziwa Magadi, kusini kwenye Bonde la Ufa, lina pH ya karibu 10. Kwenye chemchemi zake za moto anaishi ngege mdogo anayeitwa kisayansi Alcolapia grahami. Katika pH hiyo amonia iliyo nyingi hubaki gesi, na ujanja wa matamvua haufanyi kazi. Mwaka wa 1989 David Randall na wenzake walieleza kwenye jarida la Nature namna anavyojinusuru: karibu naitrojeni yake yote huigeuza kuwa yurea, jambo tulilozoea kuliona kwa mamalia na si kwa samaki wa aina yake. Yurea haina sumu ya amonia na haijali pH. Ila mafuta ya utando huipitisha kwa shida, na samaki huyu ana protini maalumu kwenye matamvua ya kuipitishia.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki huyu alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Akazaana, na wari wakamfuata kwa maelfu, wakajiunga na heroe waliokuwa pale kwa ajili ya mwani. Ziwa lenyewe limepanda sana tangu miaka ya 2010 na magadi yake yamezimuliwa, lakini yule mtalii anayepiga picha wari wa Nakuru anapiga picha matokeo ya yurea, ajue asijue.

Na huku kwetu ziwani tuna kamongo. Watu wa Kisumu wanamjua vizuri. Wako wanaompenda kwenye sahani na wako wasiotaka hata kumgusa. Ni samaki mwenye mapafu. Akikua hawezi kutegemea matamvua kwa oksijeni, lazima apande juu avute hewa, na ukimnasa chini ya wavu muda mrefu atazama kama mtu. Ukitazama hesabu unamwelewa. Lita moja ya maji safi ya ziwa hubeba oksijeni miligramu 7 au 8 tu, na lita moja ya hewa hubeba takriban mara thelathini ya hiyo. Kwenye vinamasi vilivyofunikwa na gugu maji hata hizo saba hazipo. Cha kufurahisha ni kwamba kabonidioksidi hakuihamishia mapafuni. Sehemu kubwa bado inatokea majini, kupitia matamvua na ngozi, kwa sababu huyeyuka majini vizuri mno kuliko oksijeni. Gesi mbili, njia mbili, samaki mmoja.

Kinamasi kikikauka kamongo anajifukia matopeni na kulala miezi. Hapo hana maji ya kutupia amonia. Homer Smith, Mmarekani aliyekuwa akichunguza figo, alikuja Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1920 kutafuta kamongo, na alichokikuta kwa samaki waliolala ni yurea iliyorundikana mwilini ikingoja mvua. Samaki wa Magadi na kamongo si ndugu wa karibu hata kidogo. Wote wawili walikwama kwa gesi ileile na wakafikia suluhisho lilelile.

Kwetu sisi binadamu ujanja huo unaonekana wazi kwenye damu. Kabonidioksidi inatoka kwenye misuli, inaingia kwenye seli nyekundu bila hodi, na ndani inakutana na kimeng'enya kinachoiunganisha na maji kwa kasi ya ajabu. Inakuwa bikaboneti na protoni. Takriban asilimia 70 ya kabonidioksidi ya damu husafiri katika sura hiyo. Bikaboneti ina chaji, utando unaikataa, kwa hiyo kila seli nyekundu ina protini milioni moja hivi ambazo kazi yake ni kutoa bikaboneti moja na kuingiza kloridi moja, kubadilishana tu. Damu ikifika mapafuni, mchezo mzima unachezwa kinyumenyume katika muda usiozidi sekunde moja. Nimewahi kumwambia mwanafunzi aliyekuwa akipiga miayo darasani kwamba hapo alipo anaufanya mamilioni ya mara, akapiga mwayo mwingine.

Upande mchungu wa habari hii watu wa Molo na maeneo baridi ya Nakuru wanaujua. Jiko la makaa linaingizwa ndani usiku, madirisha yanafungwa, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Kabonimonoksidi ni molekuli ndogo, haina chaji wala harufu, na inavuka tando zote kama oksijeni inavyovuka. Ikishaingia inashika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili uliojengwa usiizuie oksijeni hauna cha kuizuia hiyo. Nasikia watu wakishauriana wawashe jiko wakiwa na sufuria ya maji juu yake ili "kunyonya sumu". Gesi hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Toa jiko nje.

Chumvi na sukari ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka ingawa imeokoa watoto wengi kuliko zote. Sodiamu haivuki bila mlango, glukosi haivuki bila mlango. Lakini ukuta wa utumbo una protini inayovipitisha vyote viwili kwa pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja, na maji yanafuata. Robert Crane alipendekeza wazo hilo mjini Prague mwaka wa 1960. Kipindupindu huacha mlango huo ukifanya kazi hata mtoto anapoharisha maji matupu, na ndiyo sababu pakiti ya ORS, ile dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, ina sukari na chumvi pamoja. Ile ya Shirika la Afya Duniani ya tangu 2002 ina idadi sawa ya molekuli za glukosi na za sodiamu, milimoli 75 kwa 75 katika kila lita. Sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya ladha.

Rudi kwenye vitu vinavyovuka bila mlango, kwa sababu kuna kimoja ambacho kizazi changu kilikimeza kwa machozi: klorokwini. Uchungu wake, halafu mwasho wa usiku kucha. Klorokwini si gesi, lakini ilifanya kazi kwa mtego uleule wa amonia. Ikiwa haina chaji hupenya utando wa seli nyekundu, kisha wa kimelea cha malaria, kisha wa kifuko ambamo kimelea hicho husagia himoglobini. Humo ndani mna asidi, pH ya karibu 5. Klorokwini inanyakua protoni mbili, inapata chaji, imenaswa, inarundikana, na kumzuia adui asiweze kuhifadhi salama mabaki ya damu anayokula. Ni silaha safi sana, hadi kimelea kilipobadilisha protini moja kwenye ukuta wa kifuko hicho, ikaanza kuibeba klorokwini hiyo yenye chaji na kuitoa nje. Kenya iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998.

Sasa pingamizi, maana nimesema seli haina njia ya kawaida ya kuikataa gesi, na neno "kawaida" nililiweka makusudi. Mwaka huohuo wa 1989, katika jarida hilohilo la Nature, ilitoka ripoti kwamba sehemu fulani ya mirija ya figo ina utando ambao amonia ya gesi haivuki. Ioni yake ilivuka, kupitia milango; gesi ilikwama. Kinyume kabisa cha tulichofundishwa. Mwaka wa 1994 Walter Boron na wenzake wakaonyesha kitu cha jinsi hiyo kwenye tezi za tumbo zinazotengeneza asidi: upande unaotazama asidi haukupitisha amonia wala kabonidioksidi. Na Boron, mwaka wa 1998, akaripoti kwamba akwaporini, mlango wa maji ambao Peter Agre aliutambua na ukampa Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka wa 2003, unapitisha pia kabonidioksidi.

Kama kuna tando zinazozuia gesi, basi zile zinazoipitisha huenda zina milango. Kwa amonia mlango umepatikana, na umepatikana pasipotarajiwa. Ile alama ya kujumlisha au kutoa kwenye kadi yako ya kuchangia damu, O chanya, B hasi, inahusu protini ya Rh. Protini hiyo ina ukoo, na ukoo wake ni wa wapitishaji wa amonia. Ndugu yake RhAG, anayekaa naye kwenye seli nyekundu, hupitisha amonia. Ndugu mwingine, Rhcg, yuko kwenye figo, na panya walioondolewa protini hiyo walishindwa kutoa amonia ya kutosha kwenye mkojo. Protini za ukoo huohuo ziko kwenye matamvua ya samaki, ngege wakiwemo.

Kuhusu kabonidioksidi wataalamu bado wanagombana. Kambi moja inasema mafuta yanaipitisha haraka kiasi kwamba mlango ni anasa. Kinachochelewesha ni tabaka la maji lililotuama kando ya utando. Nyingine inaonyesha seli nyekundu zisizo na akwaporini au RhAG zikipitisha kabonidioksidi polepole. Kwa oksijeni niko na kambi ya mafuta, kwa kuwa oksijeni huyeyuka kwenye mafuta kuliko majini na sioni kwa nini itafute njia nyingine. Kwa amonia niko na kambi ya milango, kwa sababu iliyo kinyume chake: inapenda maji, na mafuta kwake ni kizuizi kweli, hata kama ni kidogo. Kabonidioksidi iko katikati ya hizo mbili, na ndiyo maana ugomvi umekaa hapo.